Tulikwenda Kisiba Kulala

Mume wangu aliendesha malori kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusumbuliwa na usingizi. Akirudi kutoka Lusaka au Lubumbashi alikuwa anaoga, anakula, halafu analala kama gogo mpaka watoto wanakwenda kumsikiliza kama anapumua. Kisha siku moja upepo wa breki ukakata wakati lori lake likishuka mteremko, si mbali na nyumbani kwetu Mbeya. Alilibamiza kwenye ukingo wa mlima makusudi, lisije likawafikia watu waliokuwa sokoni chini. Hakuna hata mmoja wa sokoni aliyeguswa. Lakini dereva mwenzake waliyekuwa wakipokezana usukani, mtu mzima aliyemfundisha kazi tangu mwanzo, alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Alitolewa pale akiwa amekufa.

Tangu siku hiyo mume wangu alisinzia vipande vipande tu. Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu ya kwenda Tunduma, na kila lori lililopunguza mwendo lilimnyanyua kitini. Ndiyo, kitini, maana kitandani hakukaa. Askari walikwisha sema hana kosa, mwenye lori naye akasema hivyo hivyo, na mjane wa marehemu alikuja mwenyewe nyumbani kwetu kumwambia hamlaumu. Hakuna lililosaidia. Aliacha kazi, akaacha kugusa usukani wa gari lolote. Kuhusu ile siku yenyewe hakuniambia chochote zaidi ya yale yaliyoandikwa polisi.

Ilipofika miezi minane, mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Tukuyu aliniambia kwamba shangazi yake anaishi Kisiba, juu ya ziwa, na kwamba yeye na mumewe wamejenga kijumba cha mbao pembeni ya shamba lao kwa ajili ya wageni wanaokuja kuliona ziwa. Huko hakuna malori, alisema. Kuna migomba, chai na ukungu. Shule ilikuwa imefungwa. Nilimbembeleza mume wangu wiki nzima, akakubali kwa sharti moja: huko tuendako mtu yeyote asijue kwamba yeye ni dereva. Niseme ana duka la vifaa vya ujenzi. Nikakubali haraka, kama mtu anayekubali jambo dogo.

Kutoka Tukuyu tulichukua bodaboda mbili. Kila tulipofika kwenye mteremko mume wangu alimgusa dereva wake begani, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka chini, akapanda tena. Yule kijana wa bodaboda mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anasimama mwenyewe kabla hajaguswa.

Kijumba kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Chumba kimoja, baraza mbele, mablanketi mazito yenye harufu ya moshi wa kuni, na dirisha linalotazama bondeni ambako tuliambiwa kuna ziwa. Siku mbili za kwanza hatukuliona hata mara moja, ukungu ulikaa pale kama maziwa kwenye kibuyu. Wenyeji wetu walikuwa watu wazima waliokaribia uzee. Mama alikuwa mfupi, mwenye buti za mvua miguuni tangu asubuhi hadi jioni, aliyefanya kazi kiwanda cha chai mpaka akastaafu. Baba alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache, ambaye bado alipogoa chai yake mwenyewe. Kiswahili cha mama kilikuwa na mlio wa Kinyakyusa, herufi ya r haikukaa kinywani mwake. Kila asubuhi alitusalimu kwa lugha yake, mugonile, yaani mmelala? Ni salamu tu, haiulizi kitu. Lakini mimi kila nilipoisikia nilimtazama mume wangu pembeni.

Maana hakulala. Asubuhi ya kwanza nilimkuta barazani amevaa viatu na koti, macho mekundu, anautazama ukungu. Nilidhani ni ugeni wa mahali. Asubuhi ya pili ikawa vile vile. Nikamuuliza kama blanketi halitoshi. Akasema blanketi linatosha, kimya ndicho kimezidi.

Mchana alijisahau kidogo. Alimfuata yule baba shambani, akambebea mikungu ya ndizi, wakakaa chini ya migomba bila kuongea. Nilikuwa nawaona kutoka jikoni, nikimsaidia mama kumenya ndizi mbichi za kupikia mbalaga, chakula cha huko. Siku ile ya pili mama aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, kwa nini mume wangu halali, kwa sababu yeye huamka alfajiri kukamua ng'ombe na kila mara humkuta amekaa nje. Sijui nini kilinipata. Labda ni kwamba kwa miezi minane hakuna mtu aliyeniuliza mimi. Nilimweleza yote: lori, mteremko, soko, mzee aliyekuwa amelala nyuma. Nililia mpaka utomvu wa ndizi ukaniingia machoni. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, halafu papo hapo nikaogopa. Nikamsihi asimwambie mtu. Akanijibu kwamba mdomo wake ni wa kulia chakula tu.

Siku ya tatu mume wangu alisema anataka kurudi Mbeya. Tuligombana mle ndani kwa sauti za chini, kama watu wanaoogopa ukuta. Nilimwambia nimehangaika kumtafutia mahali pa kupumzika. Akasema, "Umenileta mahali ambapo hakuna kelele ya kuzuia. Sasa nasikia vizuri zaidi." Nilimuuliza anasikia nini. Akageuka, akaanza kukunja shati.

Tukakubaliana kuondoka kesho yake asubuhi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nakunja mablanketi, yeye anafunga begi, tukasikia mama akiita kutoka chini ya shamba. Haikuwa kelele kubwa. Aliita jina la mumewe mara mbili, kisha akaita, "Mwalimu, njoo." Mimi ndiye mwalimu. Lakini mume wangu alitoka kabla yangu, akateremka mbio kati ya mistari ya chai.

Baba alikuwa ameketi kwenye matope, mgongo kwenye shina la mti, mguu mmoja umenyooka mbele. Panga la kupogolea lilikuwa limeteleza kwenye shina lenye maji na kumkata nyuma ya muundi, chini kidogo ya goti. Damu haikuwa inachuruzika, ilikuwa inatoka kwa mapigo. Nilivua khanga yangu ya begani, nikaifunga juu ya kidonda na kukaza kwa nguvu zangu zote, ya kiunoni nikaikunja na kuibana pale pale. Mume wangu akachuchumaa, tukampakia baba mgongoni kwake, akapanda naye mpaka nyumbani bila kupumzika.

Mama alisema zahanati hawataliweza jeraha lile, watatuandikia tu barua ya kwenda hospitali ya wilaya Tukuyu. Alikuwa anapiga simu huku akizunguka uwanja kutafuta mtandao. Jirani mwenye gari hakupokea. Bodaboda mmoja alikuja, akautazama mguu, akautazama uso wa baba uliokuwa umeanza kuwa wa rangi ya majivu, akasema kwa upole kwamba mtu huyu hawezi kukaa kwenye pikipiki, ataanguka. Akaondoka kwenda kutafuta gari barabara kubwa. Tulibaki tukisikia mlio wake ukipotea.

Pembeni ya zizi kulikuwa na banda la mabati, na ndani yake pikapu ya kijana wao, ile anayobebea majani ya chai kupeleka kiwandani. Mwenyewe alikuwa amekwenda msibani Kyela kwa basi. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari mlangoni. Niliuona. Mama naye aliuona. Mume wangu alikuwa amesimama akiupa mlango huo mgongo.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "mumeo ni deleva. Uliniambia mwenyewe."

Mume wangu aligeuka taratibu. Nimeujua uso wake kwa miaka mingi, lakini ule sikuwa nimewahi kuuona. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye mguu wa mtu, na nikaona kwamba nikisema hapana, mama atanyamaza, atasubiri gari la barabara kubwa ambalo huenda lisije. Nikasema, "Ni kweli. Ni dereva."

Mume wangu aliutazama mguu wa baba. Kisha akauliza breki za pikapu zikoje. Mama hakujua. Akachukua ufunguo.

Nilitegemea atawasha na kuondoka. Badala yake alilala chini kwenye matope, akaingia uvunguni mwa gari. Akatoka, akafungua boneti, akachungulia. Akakaa kwenye kiti, akakanyaga breki. Akaachia, akakanyaga tena. Akaachia, akakanyaga. Nilihesabu mpaka kumi na moja. Damu ilikuwa imeanza kupita katikati ya vidole vyangu, ya moto, na mimi nilitaka kupiga ukelele kwamba inatosha, lakini nilijua nikipiga ukelele atashuka na hatapanda tena. Nikauma mdomo. Mwishowe akasogeza gari mpaka mlangoni, akaniambia breki ya mkono haishiki, ya mguu inashika.

Tulitandika magunia ya chai nyuma, tukamlaza baba. Mama alikaa kichwani kwake, mimi mguuni. Kioo cha nyuma ya dereva kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kwa hiyo niliweza kumwona mume wangu kisogo na mikono yake, na yeye aliweza kutusikia.

Hatujaenda mbali, baba akafumba macho.

"Asilale," mume wangu akasema bila kugeuka. "Mwongeleshe. Mama watoto, usimwache alale."

Nilimuuliza baba majina ya watoto wake, idadi ya ng'ombe, mwaka aliojenga kijumba. Alijibu polepole, mengine kwa Kinyakyusa, na mama akanitafsiria huku akiomba Mungu kwa sauti ya chini, maombi na tafsiri vikachanganyika. Kila baba aliponyamaza, sauti ya mbele ilisema tena, "Asilale." Haikuwa sauti ya kuagiza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

Kisha tukafika kwenye mteremko. Siku tuliyokuja aliushuka kwa miguu, na ndio ulikuwa mkali kuliko yote: udongo mwekundu, chai pande mbili, mtaro mrefu kulia, na chini kabisa daraja dogo la saruji lisilo na kingo. Mvua ilikuwa imeulainisha kama sabuni. Akasimamisha gari juu. Injini ikiwa inanguruma, akakaa tu. Shingo yake ilikuwa imelowa, na si kwa mvua.

Halafu akazima gari akiwa ameliacha kwenye gia, akashuka, akaweka jiwe mbele ya tairi, na kuanza kuteremka kwa miguu.

Nilimwona akienda. Alitembea upande mmoja wa barabara, akiinama mara kwa mara, mpaka ukungu ukamfunika. Mama aliacha kuomba. Akaniuliza, "Anakwenda wapi?" Moyoni nilikuwa nimekwisha sema: amekimbia. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema moyoni, na baada yake nikasema neno jingine baya zaidi ambalo sitaliandika. Baba alikuwa baridi mikononi mwangu. Nilijaribu kufikiri kama naweza kuliteremsha gari lile mwenyewe, mimi ambaye sijawahi hata kuendesha baiskeli kwenye tope.

Akatokea kwenye ukungu akipanda, matope mpaka magotini. Alisema chini pale pamechimbika upande wa kushoto, atapita kulia karibu na mtaro, kwa hiyo tusishtuke gari likiinama. Akaongeza kwamba likiteleza hatashika breki, ataliachia liende, na tusipige kelele. Alinieleza mimi, na alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipoitoa siri yake.

Akaondoa jiwe, akapanda, akaweka gia namba moja.

Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayechunga. Kwa muda lilikwenda vizuri, nikaanza kupumua. Kisha nyuma ya gari ikateleza, sisi watatu tukasukumwa pamoja upande wa mtaro, nikaona majani ya chai yakija karibu kabisa na uso wangu na chini yake hakuna ardhi. Mama alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Hakuna aliyepiga kelele. Mbele, mguu wake uliondoka kwenye breki, niliona goti lake likinyanyuka, jambo ambalo mwili wangu wote ulikuwa ukikataa. Gari likaharakisha, likatetemeka, likajinyoosha lenyewe. Alizungusha usukani kidogo sana, kama anayeweka sawa picha ukutani. Tukapita daraja. Alipanda upande wa pili bila kusimama, na kuanzia hapo mpaka Tukuyu aliendesha kama nilivyomjua.

Hospitali walimchukua baba kwenye kitanda cha magurudumu. Walituambia mshipa ulikuwa umekatika, na kwamba tumefika kwa wakati. Mama aliingia naye ndani. Mimi nilinawa mikono bombani mara tatu, nikanunua chai na maandazi kwa mwanamke aliyekuwa anauza nje ya geti, nikarudi kwenye gari.

Mume wangu alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Alipokea chai, hakuinywa. Alitazama mikono yake, kisha akaanza kuongea, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza hali ya barabara.

Alisema siku ile, upepo ulipokata, yule mzee aliamka. Alihisi lori linavyokwenda, akachomoza kichwa nyuma ya pazia na kuuliza kuna nini. "Nikamwambia hakuna kitu, mzee, lala. Sikutaka aogope. Nilidhani nitalimudu. Akalala." Akazungusha kikombe mkononi. "Angekaa kiti cha mbele angefunga mkanda. Mimi nilifunga mkanda, nikapona."

Nilimshika goti. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Akavuta miguu ndani, akaegemeza kichwa kwenye nguzo ya mlango, na nilipogeuka kumwambia ale andazi, alikuwa amelala. Mdomo wazi, kikombe bado mkononi. Nilikichukua taratibu nikafunga mlango.

Hazikupita dakika kumi, mlinzi wa geti akaja. Alisema gari limezuia njia ya ambulansi, liondolewe. Nilimwomba anisubiri kidogo. Akasema kwa haki kabisa kwamba ambulansi haisubiri. Nilimweleza kwa kifupi kwamba mtu huyu hajalala miezi minane. Alimchungulia dirishani, akavua kofia, akakuna kichwa. Akauliza kama najua kuendesha. Nikasema sijui.

Basi akaita wanaume wawili waliokuwa wakisubiri wagonjwa wao kwenye benchi, akapitisha mkono dirishani na kutoa gia bila kumgusa mume wangu. Wale wakasukuma nyuma, yeye akatembea pembeni akishika usukani kwa mkono mmoja. Nilitembea upande wa pili nikiwa nimebana pumzi. Mtu yule aliyeamshwa na lori likipita mita mia tatu kutoka nyumbani, nilikuwa nimekubali asukumwe usingizini ndani ya gari linalotembea bila dereva. Kama angefumbua macho wakati ule, sijui angepiga kelele gani, wala angeniamini lini tena. Tairi moja ilipita kwenye kishimo, kichwa chake kikayumba, akameza mate. Hakuamka. Walilifikisha ukutani, mmoja akaweka jiwe. Wakarudi kwenye benchi lao wakitembea kwa ncha za vidole.

Alilala mpaka saa kumi jioni. Alipoamka aliuliza ni nani aliyelihamisha gari.

Tulikaa Kisiba siku tatu zaidi kuliko tulivyopanga, kumsaidia mama kazi za nyumba mpaka kijana wao aliporudi. Huyo kijana aliukagua ule mteremko kwa miguu, akarudi, akampa mume wangu mkono kwa mikono yake yote miwili. Baba alirudi na nyuzi nyingi mguuni, na sasa anachechemea; mama amemkataza kupogoa, naye hupogoa mama akienda kanisani. Mume wangu alilala kijumbani usiku mmoja kati ya hizo siku, mwingine hakulala, wa tatu alilala nusu. Hajarudi kwenye malori, na sidhani kama atarudi.

Tulipokuwa ndani ya basi la kurudi Mbeya, tukipanda kuelekea baridi ya juu, alikaa dirishani muda mrefu. Nilijua kuna jambo.

"Ulimwambia mambo yangu," akasema. "Ungeniuliza kwanza."

"Ungekataa."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa."

Hakuongea nami tena mpaka tulipofika nyumbani, na kesho yake pia alikuwa mkali, na mimi nilimwacha, kwa sababu alikuwa na haki.